Kufuli Ambalo Ufunguo Wake Uko Ofisini

Ndugu msomaji, naomba leo tuzungumze juu ya kufuli. Sisemi lile la duka wala la stoo ya mazao. Nasema kufuli lisiloonekana, linalofunga maneno yetu tunapoandikiana kwa simu na fedha zetu tunapotumiana. Wataalamu wa lugha wanaliita usimbaji. Maneno yako hugeuzwa kuwa vurugu ya herufi na tarakimu mara yanapotoka kwenye simu yako, na hayarudi kuwa maneno mpaka yamfikie yule uliyemkusudia. Aliyekaa katikati, awe mwizi, awe mfanyakazi wa kampuni ya simu, awe mkubwa wa serikali, huona vurugu tu.

Nitasema mapema ninachoamini, ili usinisome kwa kubahatisha. Kufuli ambalo ufunguo wake wa akiba uko ofisini kwa mkubwa si kufuli. Na raia anayelazimishwa kuandikisha kufuli lake amekwisha kufanywa mtuhumiwa kabla ya kutenda kosa.

Tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo kwa umma juu ya VPN. Kwa asiyeijua, VPN ni namna ya kuyafunga mawasiliano yako yote na kuyapitisha kama maji ndani ya bomba, hata mwenye barabara asione kilichomo. Watu binafsi na makampuni wanaotumia njia hiyo waliambiwa waandikishe matumizi yao kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule ule, na watoe taarifa zao, pamoja na ile anwani ya tarakimu inayokitambulisha chombo kwenye intaneti. Tangazo liliegemea Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zinazomtishia mwenye kumiliki au kusambaza teknolojia ya kufikia maudhui yaliyokatazwa kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote pamoja. Wananchi walipewa siku 17 za kujisalimisha.

Jambo hili halikuanguka kutoka mbinguni. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilikwisha kuziweka huduma za usimbaji chini ya msimamizi na leseni. Mwaka huo huo Sheria ya Makosa ya Mtandao ikampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuamuru taarifa za mawasiliano zitolewe, bila kupita kwanza kwa hakimu. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa, pamoja na mengine, kwa kuzuia upelelezi, kwa kuwa hakuwatoa watu waliokuwa wakiandika humo kwa majina ya kubuni. Kanuni za mwaka 2018 zikawataka wenye vibanda vya intaneti wafunge kamera za kuwarekodi wateja. Ukiziweka hatua hizi mstari mmoja utaona zinaelekea pande ile ile: mwananchi asiwe na pembe hata moja ambayo mkubwa hawezi kuchungulia.

Na Katiba je? Haki za raia ziliingizwa humo mwaka 1984. Ibara ya 16 inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, ya maisha yake binafsi, ya maskani yake na ya mawasiliano yake. Haikusema hifadhi hiyo ni ya wale tu walioiombea kibali.

Wenzangu wa mijini huniambia, "Wewe mzee wa mpakani, mambo ya VPN yanakuhusu nini huko kwenye migomba?" Nawajibu kwamba yananihusu kuliko wao. Nimeishi miaka mingi kati ya Ngara na Biharamulo, nikifundisha kwanza, kisha nikifanya biashara ndogo ya maharage. Huku Rwanda na Burundi si nchi za kwenye ramani, ni majirani tunaooana nao na kuuziana nao. Huku neno usalama si la hotuba.

Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara wakitokea Rwanda. Benaco, ambapo jana yake palikuwa pori na mashamba, pakageuka mji uliozidi miji yetu yote kwa watu. Pamoja na wasio na hatia waliingia wauaji, na bunduki ziliingia. Miaka iliyofuata tuliijua hofu. Basi lililopita kwenye mapori ya Biharamulo lilisindikizwa na askari wenye silaha, na abiria aliyefika salama alishukuru kama mtu aliyetoka hospitali. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba nautetea usiri kwa sababu sijawahi kuogopa.

Ila naomba tuulizane. Ujambazi ule ulipunguzwaje? Kwa nilivyoona mimi, ulipunguzwa na doria za askari, na ulipunguzwa na wananchi waliotoa habari. Mama aliyeona bunduki ikifukiwa nyuma ya nyumba ya jirani hakwenda kituoni mchana kweupe. Alikwenda kwa mtu mmoja anayemwamini, akanong'ona, akarudi nyumbani kupika kana kwamba hakuna lililotokea. Ule mnong'ono ndio uliookoa watu. Kama angejua kwamba maneno yake yataandikwa kwenye daftari linalosomwa na watu kumi, na kwamba mmoja kati ya hao kumi ni shemeji wa jambazi, angenyamaza, na mimi ningemsifu kwa busara yake.

Leo mama huyo ana simu. Mnong'ono wake unapita hewani, na kinachomlinda ni lile kufuli nililolitaja mwanzo. Serikali inayolilegeza kufuli hilo kwa jina la usalama inamnyang'anya kinga mtu ambaye usalama wenyewe unamtegemea. Jambazi hatajali, maana hajawahi kuandikisha bunduki yake, sembuse VPN yake. Atakayepanga foleni ya kujiandikisha ni mwalimu, mhasibu, muuza vifaa vya ujenzi na mtawa wa parokia. Tutabaki na orodha ndefu ya watu wema, na wabaya wakiwa nje ya orodha.

Hapo ndipo linapoletwa swali linaloonekana kuwa la werevu: "Kama huna kosa, unaficha nini?" Wengine huongeza methali kwamba mficha uchi hazai. Naam, mficha uchi hazai, lakini huvua mbele ya mkunga, havui sokoni siku ya gulio! Nyumba zetu zina milango, wala si kwa sababu tunaibia watu humo ndani. Mtu hufunga bahasha ya barua ya mchumba wake, na hufunga bahasha ya barua ya rambirambi pia.

Mkoa wa Kagera ulikwisha kujifunza somo hili kwa machozi. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI kutolewa taarifa nchini, mwaka 1983, walitoka mkoani humu. Tuliona wenyewe kwamba mtu hapimi damu yake akijua jibu litatangazwa kilabuni. Ndiyo maana Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inayalinda majibu ya mgonjwa yasivujishwe. Serikali yenyewe, basi, ilikubali kwamba siri ya mtu inaweza kuokoa maisha ya wengi. Hata kura tunaipiga kwa siri, na hakuna aliyewahi kutuuliza tunaficha nini nyuma ya kile kipande cha kitambaa. Iweje basi siri iwe dawa zahanati, iwe heshima kwenye kituo cha kura, halafu iwe jinai ikiingia kwenye simu?

Kuna wanaosema kuandikisha tu hakudhuru, ni utaratibu. Ndugu zangu, tumekwisha kuandikishwa, na matokeo tunayo. Usajili wa laini za simu ulianza mwaka 2009. Mwaka 2019 ukaja wa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Tuliambiwa kwamba matapeli watakwisha. Je, wamekwisha? Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haujakufikia wewe msomaji, tena zaidi ya mara moja? Tapeli anatumia laini iliyosajiliwa kwa vidole vya bibi mmoja wa kijijini, aliyeambiwa na wakala abonyeze mara ya pili kwa sababu ya kwanza haikushika. Siku polisi wakifuatilia, watamkuta bibi.

Huku mpakani usajili ule ulikuwa na uchungu wa ziada. Ili upate namba ya NIDA sharti uthibitishe uraia, na kwa Mhangaza au Mshubi wa kijiji kilichopakana na Burundi kuthibitisha uraia ni safari ndefu. Utaulizwa babu yako kazikwa wapi. Utaulizwa kwa nini jina lako linafanana na la watu wa ng'ambo, kana kwamba mpaka uliochorwa na wakoloni ulipita pia katikati ya majina. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 ilipokuja kuwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, watu wengi walijifunza kuogopa dirisha la ofisi. Asiyepata kitambulisho alifanyaje kuhusu simu? Alitumia laini ya jina la shemeji au la jirani. Fedha zake zikawa kwa jina la mwingine, na siri zake zikawa mkononi mwa mwingine. Kwa mtu kama huyo, masharti mapya ya kuandikisha njia anayopitishia maneno yake si utaratibu. Ni mlango mwingine ambao ataukuta umefungwa.

Sasa nije kwenye biashara, maana wapo wasioguswa na habari ya haki mpaka waguswe mfukoni. Zamani, kabla ya simu za mkononi, ukitaka kumpigia mtu wa mbali uliunganishwa na opereta. Mara mbili nilipatana kwa njia hiyo bei ya maharage na mnunuzi wa Mwanza, na mara zote mbili nilipofika kwa wakulima asubuhi nilimkuta mfanyabiashara mwingine amekwisha kuwapandishia bei kwa shilingi chache tu juu ya ile niliyoitaja kwenye simu. Sikuhitaji kupiga ramli kujua habari zilipita sikio gani. Ofisi sitaitaja, wala haina maana tena. Lililo na maana ni kwamba aliyesikiliza hakuwa jasusi wa taifa la kigeni. Alikuwa mtumishi wa mshahara mdogo aliyekaa katikati ya waya.

Katikati ya waya bado yupo mtu. Kilichobadilika ni kwamba sasa tuna kufuli. Kijana wa leo wa Rulenge anapatana bei na mnunuzi aliyeko ng'ambo ya Rusumo, anatuma picha ya shehena, anapokea hati, na hakuna sikio linalomtangulia shambani. Benki inaunganisha tawi lake la wilayani na makao makuu kwa njia iliyofungwa. Wakala wa fedha pale Nyakanazi anaishi kwa kufuli hilo kutwa nzima, hata kama halijui jina lake. Na kampuni za simu zenyewe hutuonya kila siku kwamba namba ya siri asiambiwe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni. Ushauri mzuri sana! Basi kwa nini kisichofaa kuambiwa mfanyakazi wa kampuni kifae kuwekewa njia ya kuchungulia kwa mfanyakazi wa serikali? Shetani wa tamaa hachagui mwajiri.

Na mzigo wa kanuni hizi hauwaangukii wote sawa. Kampuni kubwa ina wanasheria na mafundi wake, itajaza fomu na kuendelea na kazi. Mfanyabiashara wa Kabanga au wa Biharamulo mjini hana mwanasheria. Anwani ya tarakimu anayotakiwa kuitaja hubadilika kila mara kwenye simu yake bila yeye kujua. Ataachana na njia salama kwa kuogopa miezi 12, aendelee kutuma hati zake wazi kama mtu aliyebeba fedha mkononi katikati ya stendi. Hapo kanuni itakuwa imemlinda nani?

Wakubwa wanaweza kusema kwamba ufunguo wao utatunzwa vizuri. Hilo nalo lilikwisha kujaribiwa na waliotuzidi kwa mitambo. Mwaka 1993 serikali ya Marekani ilipendekeza simu ziwekewe kidude kilichoitwa Clipper, chenye usimbaji wa nguvu ila serikali ikibaki na nakala ya ufunguo. Mwaka uliofuata mtaalamu Matt Blaze alionyesha kasoro ndani yake, na baada ya miaka michache mpango ukafa. Ugiriki mwaka 2004 na 2005, watu ambao mpaka wanagunduliwa hawakujulikana waliitumia mitambo iliyokusudiwa kusikiliza wahalifu, wakasikiliza simu za watu wapatao 100, akiwemo Waziri Mkuu Kostas Karamanlis mwenyewe. Na mwaka 2024 Marekani iligundua kwamba wadukuzi waliohusishwa na China wameingia kwenye kampuni zake za simu, hata kwenye mifumo inayotumika kwa usikilizaji ulioidhinishwa na mahakama. Ndipo maofisa wa nchi hiyo hiyo wakawashauri watu watumie ujumbe uliofungwa kwa usimbaji. Mlango uliojengwa kwa ajili ya polisi haujui kumtofautisha polisi na mwizi.

Na sisi? Mwezi Mei 2025 akaunti rasmi ya Jeshi letu la Polisi kwenye mtandao wa X ilivamiwa, ikawekwa mambo ya aibu na ya uongo kwa jina la jeshi. Siwacheki askari wetu, maana balaa hilo lingeweza kumpata yeyote. Lakini aliyeibiwa ufunguo wa nyumba yake hana hoja ya kuniambia nimkabidhi wa kwangu. Tena mtandao wenyewe ukafungiwa nchini mwezi huo huo, na wananchi waliotaka kuufikia ndipo walipozidi kuitafuta ile VPN wanayotakiwa kuiandikisha.

Yako pia mambo mazito zaidi ya aibu. Mwaka 2024, katika baraza la kazi jijini London, ilidaiwa kwamba kampuni moja ya simu iliwapa watu wa serikali taarifa za simu ya Tundu Lissu na za mahali alipo, katika wiki zilizotangulia siku aliyopigwa risasi Dodoma, tarehe 7 Septemba 2017. Ni madai, nami nayaita madai. Lakini nchi ambayo dai la namna hiyo linaweza kutolewa, na raia wakalisikia bila kushangaa sana, ni nchi ambayo imani kati ya mtawala na mtawaliwa imekwisha kupata ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La ajabu ni kwamba serikali yenyewe inaujua utamu wa siri. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inamwadhibu vikali anayetoa nyaraka zake za siri. Hakuna anayeiuliza kama haina kosa inaficha nini. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

Sisemi mhalifu asifuatiliwe. Nasema afuatiliwe yeye, kwa jina lake, kwa sababu iliyoandikwa, na kwa kibali cha hakimu ambaye hakuteuliwa na mpelelezi. Askari apekue nyumba ya mtuhumiwa, asidai nakala ya funguo za kijiji kizima. Kipengele kinachomwezesha mkuu wa kituo kuamuru peke yake kirekebishwe. Uandikishaji wa VPN ufutwe, na sheria itamke waziwazi kwamba kufunga mawasiliano yako si kosa wala dalili ya kosa. Tayari tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake. Tume hiyo iwe na ubavu wa kuiambia serikali "hapana" kama inavyoweza kumwambia mwenye duka.

Tusipolisema hili sasa, tutazoea. Na mazoea haya yana mwisho unaojulikana, maana anayeshika funguo za watu wote hatosheki na kuchungulia, siku moja hufunga. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini, ikarudi baada ya siku kadhaa. Wala hakuulizwa mfanyabiashara wa Rusumo kama ana shehena njiani, wala mgonjwa wa Ngara kama ana jibu analolisubiri. Aliyeshika ufunguo aliona inafaa, akageuza. Ndiyo maana nasema ufunguo wa maneno ya raia ukae mfukoni mwa raia, na anayeutaka aende kwanza mahakamani akaeleze sababu.